Ya Upande Gani?

Jumatano, 7 Februari 2024

Leo nimemtazama mtoto wa kaka kwenye mwanga wa mchana. Wodini taa zilikuwa hafifu na kila mtu alitaka kumpakata. Wifi alimlaza barazani juu ya mkeka, akamvua kofia. Baka linaanzia kwenye ukingo wa nywele upande wa kushoto, linashuka pajini, linafunika kope ya juu na kuishia shavuni karibu na pua. Katikati ya paji linakoma ghafla. Upande wa kulia hauna kitu. Nilibonyeza kwa kidole, taratibu. Ngozi ikafifia ikafanana na ya upande wa pili. Nilipoachia, wekundu ukajaa tena. Kwa hiyo ni damu iliyo ndani ya mishipa, si rangi ya ngozi yenyewe. Alipoanza kulia likaiva, likawa zambarau.

Mama keshatoa hukumu. Anasema ni usiku ule mwezi ulipopatwa: wifi alitoka uani kutazama, akajishika uso. Usiku wenyewe naukumbuka. Ilikuwa Jumamosi ya 28 Oktoba, mnamo saa tano na robo, mwezi ukamegwa kipande kidogo tu, na msikiti wa jirani waliswali sala ya kupatwa. Lakini nimepiga hesabu. Mtoto kazaliwa mwisho wa Januari kwa miezi yake kamili, kwa hiyo Oktoba ile mimba ilikuwa imefika miezi sita. Uso wa mtoto huumbwa katika wiki za mwanzo, wakati wengine hata hawajajua kama wana mimba.

Nilimwambia Mama. Akasema, "Wewe na vitabu vyako," akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 10 Februari

Mama yake wifi kafika kutoka Pangani na kapu la samaki. Shikamoo zikapita, maji yakanywewa. Akampakata mjukuu, akamtazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Kwetu hili halipo."

Mama akajibu hukohuko jikoni, hata hakutoka: "Na kwetu halipo."

Wifi alikuwa ameinama anamfunga mtoto nepi. Hakuinua uso mpaka wote wawili waliponyamaza. Baadaye mmoja wao akasema "maji hufuata mkondo". Ni nani, sitaandika.

Nimekaa nalifikiria jambo hili jioni nzima. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani. Hakuna aliyeuliza kama kinauma, kama kitaongezeka, kama kitamdhuru jicho. Wote wanauliza ni cha upande gani. Na swali hilo, katika nyumba zetu, haliulizwi kwa kutaka kujua, linatafuta mshitakiwa. Mtoto akiwa na macho mazuri hakuna anayeitisha kikao.

Mbaya zaidi, Baba, ambaye ni nadra kuongea, akaongea. Akakumbusha kwamba babu alikuwa na alama nyekundu kisogoni. Kisha akamkumbuka binamu yetu wa Muheza, aliyekuwa na kinundu chekundu begani utotoni. Kisha akakumbuka kwamba hata mwanangu wa kwanza alizaliwa na baka matakoni. Mama yake wifi hakuhitaji tena wakili.

Jumatatu, 19 Februari

Nimesoma mpaka saa sita usiku. Kwanza nimewatenganisha ndugu zangu, maana wamewekwa wote kapu moja.

Babu: alama ya kisogoni ndiyo ya kawaida kuliko zote. Ni mishipa midogo ya damu iliyobaki imetanuka kisogoni, katikati ya paji au juu ya kope. Watoto wengi sana huzaliwa nayo. Ya usoni hufifia mwaka mmoja au miwili baadaye, ya kisogoni inaweza kukaa hadi uzeeni imejificha chini ya nywele. Ukikuta ndugu watatu wanayo, umekuta kitu cha kawaida mara tatu.

Binamu: nimempigia shangazi simu. Anasema mtoto hakuzaliwa na kinundu. Kilitokeza wiki kadhaa baada ya kujifungua, kikavimba upesi miezi ya mwanzo, kisha kikaanza kunywea chenyewe, na alipoingia darasa la kwanza palibaki ngozi iliyolegea kidogo. Hiyo ni hemanjioma ya utotoni. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa kabla ya wakati, na binamu alizaliwa njiti. Siku hizi kubwa zake zina dawa. Mwaka 2008 daktari wa Ufaransa, Christine Léauté-Labrèze, na wenzake wa Bordeaux waliandika kwamba propranolol, dawa ya moyo ya miaka mingi, inazinyweza. Walikuwa wanamtibu mtoto tatizo la moyo. Kesho yake wakaona kinundu kimebadilika rangi.

Mwanangu: lile la bluu matakoni halina uhusiano wowote na mishipa. Ni seli za rangi zilizobaki ndani ya ngozi, na watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo.

Kwa hiyo ushahidi wa Baba ni watu watatu wenye vitu vitatu tofauti. Lakini nisimcheke mzee. Madaktari wenyewe waliyachanganya haya kwa miaka mingi chini ya majina yaleyale. Ni mwaka 1982 tu, Boston, ambapo John Mulliken na Julie Glowacki waliyagawa kwa namna inayotumika mpaka leo: upande mmoja uvimbe unaokua na kunywea, upande mwingine mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni, isiyonywea. Hadithi yoyote ya zamani ya "ukoo wenye mabaka" sharti uiulize kwanza, mabaka gani?

La mtoto wetu ni la kundi la pili, lile la rangi ya mvinyo. Huwapata watoto kama watatu katika kila elfu. Halififii. Linakua jinsi mtoto anavyokua, na ukubwani linaweza kukolea na kuwa nene.

Na sasa jibu la kikao. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, wengi wao wa taasisi ya Kennedy Krieger huko Baltimore, walichukua watu watatu wenye ugonjwa wa Sturge-Weber, ambao ni baka la namna hii usoni pamoja na mishipa ya aina hiyohiyo kwenye ubongo na mara nyingi jicho. Wakasoma jeni zote za ngozi yenye baka, kisha za sehemu isiyo na baka ya mtu huyohuyo. Tofauti ilikuwa herufi moja tu kwenye jeni iitwayo GNAQ. Walipopima wengine, waliikuta kwa 23 kati ya 26 wenye Sturge-Weber, na kwa 12 kati ya 13 wenye baka la ngozi peke yake. Ndani ya baka ipo, nje ya baka haipo au ni kwa uchache mno. Kama ingetoka kwa mama au kwa baba, ingekuwa kila mahali mwilini, mpaka kwenye kucha.

Jumanne, 27 Februari

Kidato cha Nne. Mendel na njegere zake, warefu na wafupi, mraba wa herufi ubaoni. Darasa zima linapenda somo hili kwa sababu majibu yake yanatoka sawasawa. Nikaona niwaharibie raha kidogo. Nikasema kuna alama ambayo mtoto huzaliwa nayo, ni ya jeni, lakini haikutoka kwa wazazi wala hatawarithisha wanawe.

Msichana wa dawati la mbele akasema, "Sasa mwalimu, ya nani?"

Nikawauliza nani nyumbani kwao husuka ukili. Mikono mingi. Basi, msukaji kaanza ukili wake kwa ukindu mweupe, kafika mahali kachomeka ukindu mmoja uliotiwa rangi. Kutoka hapo mstari mwekundu unaendelea. Nyuma ya hapo hamna kitu. Ukiuliza wekundu umetoka kwa aliyekata ukindu porini au aliyeuanika, utakuwa unamsumbua mtu asiyehusika. Seli moja ya kijusi ilikosea herufi wakati wa kujigawa, na kizazi chake chote kikawa nalo kosa hilo, sehemu ile ya uso tu.

Akauliza tena (huyu atafika mbali): kwa nini asiwepo mtu aliye hivyo mwili mzima? Nikampa wazo la Rudolf Happle, daktari wa ngozi wa Ujerumani, la mwaka 1987: kwamba yapo mabadiliko ya jeni ambayo kijusi kikiwa nayo kila mahali hakiishi. Huonekana kwa sababu tu yamechanganyika na seli nzima zinazokibeba. Ndiyo maana hayarithiwi. Yai au mbegu yenye kosa hilo haifiki mbali.

Kengele ikalia. Hayatoki kwenye mtihani wa taifa haya, lakini ndiyo waliyotoka nayo wakizozana.

Jumapili, 10 Machi

Arobaini ilikuwa jana, kabla Ramadhani haijaingia. Biriani ya kutosha, maulidi mazuri. Wifi alimtoa mtoto kamfunika ushungi mpaka puani, na joto lile. Nikaufunua. Akaurudisha. Sikurudia, ni mwanawe.

Mgeni mmoja kamletea krimu ya kung'arisha kwenye kikopo kisicho na maandishi. "Paka usiku, litaondoka kimya kimya." Kaka aliichukua kwa shukrani, akaenda kuitupa chooni. Kwenye kope ya mtoto wa siku arobaini!

Mzee mmoja akamuuliza Baba kama ni la ukoo. Baba akafikiri, akasema, "Gorbachev alikuwa nalo." Likaisha hapo. Kweli alikuwa nalo, kichwani, na picha rasmi za mwanzo za Moscow zililifuta. Binti yake, Irina, hana. Nilimwambia Baba hilo la binti. Amelipenda sana, tangu jana anawaambia watu.

Usiku wifi akaniita chumbani. Aliuliza kwa sauti ndogo: "Wifi, nikizaa mwingine?" Nikamwambia nilivyosoma, kwamba uwezekano wake haupishani na wa mama mwingine yeyote. Akasema anataka kulisikia kutoka kwa daktari, mbele ya kaka, na ikiwezekana mbele ya Mama. Namwelewa. Jibu la wifi mtu halina muhuri.

Alhamisi, 18 Aprili, Moshi

Tumefika jana usiku, mvua tangu Segera. Mombo tulikula tumesimama. Mtoto alilala njia nzima, wakubwa ndio waliosumbua.

Hapa hospitali ya KCMC wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, kinafundisha watu wa nchi nyingi za Afrika, na inaonekana: vijana wanne walisimama nyuma ya daktari na madaftari. Mwanamke wa makamo, mpole, mikono yenye joto. Alichukua kipande cha kioo, akakibonyeza juu ya baka, akawaonyesha vijana jinsi rangi inavyotoweka. Akagusa kwa mgongo wa vidole kusikiliza joto na mpigo. Hakuna mpigo. Akamgeuza mtoto, akamkagua mwili mzima, mpaka katikati ya vidole vya miguu.

Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyauliza kikaoni. Je, kwenu yupo mwenye madoa madogo mengi, ya mviringo, yametawanyika, mengine yamezungukwa na ukingo mweupe? Yupo anayetokwa damu puani mara kwa mara bila kupigwa? Aliyepata kiharusi kijana? Mwenye vinundu vya bluu vinavyouma chini ya ngozi? Kaka akajibu hapana kwa yote. Wifi hapana.

Akaeleza polepole, akimtazama wifi zaidi kuliko kaka. Baka la mtoto huyu, moja, kubwa, upande mmoja, hutokea lenyewe. Hakuna alichokula mama, hakuna alichokitazama, hakuna alichokirithi. Mtoto mwingine ana nafasi ileile ya kulipata kama mtoto wa jirani. Wifi akamwambia, "Daktari, rudia tafadhali." Akarudia. Kaka akatazama dirishani.

La muhimu kwake lilikuwa jicho. Baka likigusa paji na kope ya juu, presha ya jicho inaweza kupanda, sasa au miaka ijayo, na mtoto hawezi kusema. Tukapelekwa macho: presha kwa leo iko sawa. Irudiwe, na irudiwe tena, mpaka atakapokuwa mtu mzima. Na tuangalie degedege au mkono mmoja kuwa mzito kuliko mwingine, hasa mwaka huu wa kwanza. Wengi wenye baka la usoni hawapati matatizo ya ubongo, alisema, ila la paji ndilo la kufuatilia. Kuhusu leza hakutupa ahadi. Hupunguza rangi kwa awamu nyingi, mara chache huimaliza, na kwenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi yenyewe hunyonya ule mwanga, kwa hiyo ni kazi ya mwenye mkono mzoefu.

Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja na kijana wake wa shule ya msingi. Kijana ana madoa, niliyaona alipokunja mkono wa shati: madogo, ya hudhurungi yenye wekundu, mojawapo lina duara jeupe. Mama naye anayo mawili shingoni. Akasema marehemu baba yake alikuwa nayo pia na wote waliyaona ni ya kwao, kama wengine wanavyokuwa na mwanya. Sasa daktari ametaka kijana apigwe picha ya kichwa na uti wa mgongo.

Huo ndio upande wa pili wa swali. Nilikuwa nimeusoma lakini sijauona. Mwaka 2003 kundi la Miikka Vikkula, Brussels, lilionyesha kwamba koo za namna hiyo zina hitilafu katika jeni ya RASA1. Mwaka 2017 ikaongezwa ya EPHB4. Hapo kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi, na takriban theluthi moja ya wenye nayo wana mahali ambapo mshipa wa ateri umeungana moja kwa moja na wa vena, pengine kwenye ubongo au uti wa mgongo. Hata hivyo mtu anarithi nakala moja mbovu tu mwili mzima, na pale penye doa nakala ya pili nayo imeharibika, baadaye, mahali hapo peke yake. Ndiyo maana baba, binti na mjukuu hawana madoa mahali pamoja.

Yule mama hakuwa na aibu hata kidogo na madoa yake. Wifi alimtazama kwa wivu, mimi kwa wasiwasi. Lenye kurithiwa lilikuwa limekaa kimya kwa vizazi vitatu bila mtu kulitia maanani, na letu lisilorithiwa limetugombanisha tangu Februari.

Jumapili, 21 Aprili, Tanga

Nimemweleza Mama. Nilidhani tutagombana. Alisikiliza lote, la ukindu, la GNAQ (nililiita "herufi"), la daktari kurudia mara mbili. Akauliza, "Kwa hiyo si la Pangani?" Si la Pangani. "Wala si letu?" Wala si letu. Akakaa kidogo. "Na mwezi?" Nikamwambia mwezi umechelewa miezi mingi. Hakukubali, lakini hakubisha.

Kilichomshika ni swali la daktari la kutokwa damu puani. Nikamweleza kwamba upo ugonjwa wa ukoo, mishipa midogo hutanuka puani, midomoni na kwenye ulimi ikawa vitone vyekundu, na mingine mikubwa hufichama mapafuni au kwenye ini. Jeni yake ya kwanza ilijulikana mwaka 1994. Unaitwa kwa majina ya madaktari watatu, Osler, Weber na Rendu. Weber huyo ni Frederick Parkes Weber, yuleyule wa Sturge-Weber. Mtu mmoja, jina lake kwenye ugonjwa unaorithiwa na usiorithiwa. Wanafunzi wa udaktari lazima humlaani.

Mama akasema mjomba wake alikuwa anatokwa damu puani.

Jumamosi, 4 Mei

Redio asubuhi yote ni kimbunga Hidaya. Vyombo vimezuiwa kwenda baharini, upepo unapiga mabati. Tumekaa ndani, na Mama kanifanya karani.

Amenitaka nichore ukoo wake kwenye karatasi ya manila, kuanzia bibi yake. Nimemwekea mviringo kwa wanawake na mraba kwa wanaume, kama ubaoni. Anapiga simu kwa kila aliye hai: "Shikamoo dada. Puani, damu ilikuwa inakutoka? Midomoni una vitone?" Kwa mjomba jibu limetoka kwa mtoto wake mwenyewe: mzee alikuwa bondia wa mtaani, pua ilivunjwa zaidi ya mara moja. Vitone hakuwa navyo, wala watoto wake hawatokwi damu. Mama kaniamuru niandike hilo pembeni ya mraba, nimeliandika.

Mama yake wifi kapiga simu kutoka Pangani kuulizia upepo. Mama akampa salamu za mtoto, akamweleza habari ya jicho, na tarehe ya kurudi Moshi. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akamwambia achukue kalamu na karatasi, awaulize na wa kwao kuhusu pua. Nilisikia upande wa pili anauliza kwani pua imeingiaje.

Nauli ya Moshi: kaka analipa nusu, Baba nusu. Niulize kliniki ya macho kama kipimo kinachofuata kinaweza kufanyika hapa Tanga.